Manjano, sabuni ya mche na darubini ya Tenerife

Jamani mimi niko Uingereza mwaka wa sita huu, nasoma sayansi kwa masafa huku nafanya kazi ya usiku, na kila nikipiga simu nyumbani Kisauni mpwa wangu ananililia na kozi yake ya kemia ya onlaini, basi leo wacha niseme.

Huku nimekaa jikoni nimejifunika blanketi, naongoza kwa mtandao darubini iliyoko Tenerife, kile kisiwa cha Wahispania kilicho jirani na pwani ya Moroko (yaani mtu atoke Afrika aje Uingereza ndio aangalie nyota za upande wa Afrika!). Chuo chenyewe Open University, wameanza kusomesha 1971, na zamani hizo wanafunzi walikuwa wakitumiwa maboksi ya vifaa mpaka nyumbani, hata hadubini. Vidio zangu zina maandishi chini na michoro imeelezwa kwa maneno kwa asiyeona. Mimi naona alhamdulilahi, lakini yale maandishi yaliniokoa, kuna mkufunzi wa Scotland Kiingereza chake hata Waingereza wenzake wanakunja uso.

Mpwa wangu je? Vidio ya saa nzima, lekchara anasoma slaidi, bando linakatika katikati, maiki zifungwe, maswali mwisho na mwisho wenyewe haufiki. Darasani mna kijana kiziwi, kwake yeye ule mhadhara ni mtu anachezesha midomo tu. Ukiuliza unaambiwa hatuna vifaa kama vya Ulaya. Hapo mimi nakataa.

Nikamwambia chukua manjano hapo jikoni, koroga na maji kidogo yawe mazito, paka karatasi nyeupe, ikikauka dondoshea maji ya sabuni ya mche. Ikawa nyekundu! Akapiga kelele, "Mjomba, si ndio lile doa la mchuzi kwenye kanzu ya babu likifuliwa!" Ndilo hilo. Akakamulia ndimu, ambayo ni asidi, rangi ya manjano ikarudi. Akatia magadi, ambayo ni besi kama sabuni, nyekundu tena. Nyanya yake akatoka na siki, na muuza viazi karai wa pale nje akaleta ukwaju wake kubisha, kibaraza kikajaa watu wanabishana asidi na besi saa moja nzima, na hakuna aliyekula bando ila simu yangu ya vidio.

Mimi nikifanya jaribio huku hata jirani hajui nipo.

Sawa, titresheni, ile ya kupima tone kwa tone asidi iliyomo ni kiasi gani, haifanywi kwa karatasi ya manjano, hapo lazima maabara. Lakini nusu ukurasa wa maandishi, picha mbili, kitu cha shilingi ishirini dukani, halafu waachieni wanafunzi grupu ya WhatsApp watumiane picha za majibu yao, hata yule kiziwi yumo. Hiyo nayo inataka pesa za Ulaya?

Mpwa alimtumia lekchara wake picha za zile karatasi. Tiki za buluu zipo, wiki ya tatu hii.