Kichekesho cha Nyuma ya Kamera, na Tamthilia Isiyopaswa Kudharauliwa

Wazo hili halichoki kurudi mezani kila vijana wa sanaa wa Dodoma wanapopanga kazi ya runinga: tutengeneze kichekesho kuhusu watu wanaotengeneza tamthilia. Mwigizaji mkuu kagoma kuvaa wigi, mwandishi kamuua mhusika ambaye mdhamini anamtaka, na kushuti kunaanza kesho saa moja asubuhi. Wanaoliunga mkono wanasema ni kazi nafuu. Lokesheni ni moja, waigizaji ni wanane, na taa au nyaya zikionekana ni sehemu ya hadithi. Wanaolipinga wanasema mtazamaji wa Chang'ombe au Nkuhungu hana haja na mambo ya kamera. Anataka kujua kama bibi harusi ataolewa. Kila upande una lake la kweli. Lakini pande zote mbili zinaichukulia ile tamthilia ya ndani, inayotengenezwa na wahusika, kuwa pambo, wakati ndiyo nguzo iliyobeba jengo zima.

Mifano ya nje inasaidia kupima. Marekani, kituo cha WB kilirusha *Grosse Pointe* mwaka 2000 hadi 2001, kazi ya Darren Star, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameanzisha tamthilia ya vijana ya *Beverly Hills, 90210*, kwa hiyo aliujua ulimwengu aliokuwa akiuchekesha. NBC nayo ilirusha *Telenovela* mwaka 2015 hadi 2016, Eva Longoria akiigiza nyota wa tamthilia ya Kihispania asiyejua Kihispania. Zote mbili ziliishia msimu mmoja. Hiyo ya pili ilikuwa na vipindi 11. Uingereza, mchekeshaji Victoria Wood alipita njia nyingine. *Acorn Antiques*, kuanzia 1985, ilikuwa vipande vifupi ndani ya kipindi chake cha vichekesho, vikiiga tamthilia za bei rahisi, zenye kuta za kutikisika, ambazo watazamaji walizifahamu vizuri. Vipindi hufutwa kwa sababu nyingi, kwa hiyo kufa mapema si ushahidi kwamba wazo ni bovu. Hata hivyo tofauti ya urefu inafundisha. Ukuta unaotikisika unachekesha kwa dakika nne, ila hauwezi kubeba dakika 24 kila wiki.

Kinachobeba dakika 24 ni mtazamaji kutaka kujua mambo mawili kwa pamoja: mgogoro wa nyuma ya kamera utaishaje, na hadithi ya ndani inakwenda wapi. Ndiyo maana tamthilia ya ndani iandikwe kwanza, na kwa dhati. Tuseme kuna vipindi 10, kila kimoja kikiwa na dakika 5 za tamthilia ya ndani. Hizo ni dakika 50, karibu filamu nzima, yenye urithi wake, mama mkwe wake na siri yake. Hadithi ya nje iandikwe juu yake, si kinyume chake. Wakati wa kushuti, kila sini ya ndani ichukuliwe nzima bila kukatizwa, kisha irudiwe kwa toleo lenye kukatizwa: simu inaita, umeme unakatika, mtu anasahau maneno. Ukishuti toleo la kukatizwa peke yake, mhariri hatakuwa na cha kuweka kwenye skrini pale wahusika wanapokaa kutazama kazi yao, na kipindi kitakosa uti wa mgongo.

Hoja ya unafuu ndiyo inayopotosha zaidi. Kosa linaloonekana kwenye picha ni lazima litengenezwe, na kulitengeneza ni kazi maradufu. Chukua bumu, ile maikrofoni ya fimbo ndefu, ikidondoka mbele ya waigizaji. Zinahitajika mbili: moja inaigiza, nyingine inanasa sauti kweli. Au chukua ukuta unaotikisika. Seti hujengwa kwa fremu ya mbao na plaiwudi nyembamba, ikashikiliwa nyuma kwa miguu ya pembetatu na mifuko ya mchanga. Ukiuacha uwe dhaifu kweli, utatikisika kila mlango unapofungwa, pamoja na kwenye sini ya msiba. Jenga ukuta imara, kisha kwa sini hiyo moja ondoa mguu mmoja na mtu avute kamba kutoka nyuma. Kofi nalo ni hivyo hivyo. Kamera inakaa nyuma ya bega la anayepiga, mkono unapita sentimita 15 hivi mbele ya uso, na mlio unawekwa kwenye uhariri. Kwa tamthilia ya kweli mlio hukaa kwenye fremu, yaani picha moja ya video, ileile ya kofi. Kwa kichekesho unaweza kuuchelewesha fremu 10, yaani sekunde 0.4 kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde. Ukichelewesha fremu 2 au 3 tu, mtazamaji ataona mhariri kakosea, hatacheka.

Halafu kuna sura mbili za picha, ambazo lazima jicho lizitofautishe bila kuelezwa. Tamthilia ya ndani iwe na kamera kwenye miguu yake, mwanga mwingi ulio sawa, nyuso karibu na muziki mzito. Nyuma ya kamera, picha ishikwe mkononi, mwanga uwe wa dirishani au wa taa za kawaida za dari, na muziki usiwepo. Hapo taa za bei nafuu huleta shida. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ukishuti fremu 25, shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa. Skrini za runinga au kompyuta zinazoonekana kwenye picha, zikiwa zimewekwa hezi 60, zitaonyesha mistari inayotembea. Zibadilishwe ziwe 50 kabla ya siku ya kushuti.

Kuhusu Dodoma yenyewe, wanaosema ni mahali pazuri wana hoja nzito. Kuna miezi takriban saba ya ukame, nyumba mpya zenye sebule pana maeneo kama Ilazo na Kisasa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinachofundisha sanaa za maonyesho na filamu. Treni ya SGR iliyoanza safari zake mwaka 2024 imepunguza maumivu ya kuwaleta waigizaji na vifaa kutoka Dar es Salaam. Lakini upepo wa kiangazi huharibu sauti kuliko kitu kingine chochote. Maikrofoni ya nje bila kifuniko cha manyoya haifai kitu, na kuondoa mingurumo ya chini ya hezi 80 kunasaidia kidogo tu. Mvua zinapoanza, mara nyingi Desemba, bati hufunika mazungumzo yote. Ndani ya wiki chache vichaka vya kahawia vinageuka kijani, na mhusika aliyeingia mlangoni Novemba anatokea upande wa pili kwenye nchi nyingine. Kichekesho cha aina hii kinaweza kulifanyia mzaha jambo hilo mara moja. Likijirudia mara tatu ni uzembe.

Linalotia wasiwasi zaidi ni nani anachekwa. Nyuma ya kamera kuna ngazi: mtayarishaji, nyota, kisha fundi taa, mtu wa mekapu, mpishi na kijana wa kubeba nyaya. Mwandishi mvivu humtupia kicheko aliye chini, na hapa Dodoma hiyo ina maana ya lafudhi ya Kigogo na ule mzaha wa omba-omba uliochakaa. Watetezi watasema ni utani wa makabila. Utani, hata hivyo, una majibu. Mtani hukujibu palepale, na runinga haijibiwi. Mhusika Mgogo apewe jibu lake ndani ya mswada. Lile wazo la nyota asiyejua lugha ya kazi yake lingekaa vizuri mno hapa: mwigizaji maarufu kutoka Dar analetwa kucheza mzee wa Kigogo, hajui hata "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na anayemfundisha kila siku kabla ya kamera kuwaka ni mpishi. Kicheko kinakwenda juu, na mtazamaji wa Mpwapwa anaondoka na kitu chake.

Kwa kundi lisilo na mdhamini, tungependekeza njia ya vipande vifupi: vipande sita vya dakika tano, sebule moja, tamthilia moja ya ndani yenye siri moja inayofichuka kwenye kipande cha sita. Sini za nje zishutiwe kati ya Julai na Oktoba, nchi ikiwa imeshakauka yote na rangi haibadiliki, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, kabla jua halijapanda utosini na kutia vivuli machoni. Mchana wa upepo na vumbi ubaki kwa sebuleni, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa. Na kabla ya kuhama chumba, zirekodiwe sekunde 30 za ukimya wake, maana mhariri atazihitaji kila mahali palipokatwa.