Hako kambwa kako hakakulindi, acha kukachekea

Jamani hii tabia ya vijibwa, sijui spitzi sijui maltizi, vile vyeupe vya manyoya ambavyo siku hizi huku kwetu Arusha, Njiro na Sakina, vimejaa, mi imenichosha. Unafika kwa mtu unapiga hodi, unakaribishwa vizuri tu, sa ile unataka kumpa mwenye nyumba mkono kambwa kaliko mapajani kwake kanaanza kunguruma meno yote nje, na mwenyewe anacheka, "kananipenda haka, hakataki mtu anisogelee", afu anakapapasa kichwani. Yaani kamekutishia na zawadi kamepewa!

Mi nasema hapo hakuna ulinzi wowote. Ulinzi ni ule wa mbwa wa getini anayebweka mtu akiruka ukuta usiku, na akiona umekaribishwa anakunusa anaenda zake kulala. Haka ka mapajani kanamfukuza baba mwenye nyumba kwenye kochi alilonunua mwenyewe. Kwa ninavyoona ni moja kati ya mawili, ama kamekufanya mali yake, kanakulinda kama mfupa, ama kanaogopa watu na pale kwako ndo pamekuwa ngome. Mara nyingi ni woga. Mbwa anazoea watu na vitu akiwa mdogo sana, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, na hivi vyetu muda huo wote viko ndani ya geti, watu vinaowajua ni mama, dada wa kazi na TV. Sa mtu wa bodaboda akija na helmeti yake unategemea nini?

Kuna wanaosema kachape. Hapana. Ukikachapa kwa kunguruma woga hauondoki, kanachojifunza ni kunyamaza, afu siku moja kanauma bila taarifa na wewe unasema "hakajawahi". Kunguruma ni taarifa, iache. Na kabla ya kunguruma kuna dalili nyingine watu hawaziangalii kabisa, mwili unakakamaa, weupe wa macho unatokeza pembeni, kanalamba midomo na chakula hakuna. Ukiona hivo mwambie mgeni asimame hapo hapo alipo.

Kuna dada flani jirani, kambwa kake kalikuwa hakamtaki kabisa shemeji, jamaa akitoka kazini akitaka kukaa karibu na mkewe ni vita. Walichofanya ni kwanza kukafundisha kushuka kwenye kochi kwa kukarushia kipande cha maini chini na kusema "shuka", bila kukashika wala kukavuta, coz ukikashika ndo unaumwa. Kakianza kununa mapajani dada anainuka kimya kimya, kenyewe kanateleza chini, hakuna kelele. Afu msosi wa jioni ukawa kazi ya shemeji, dada haugusi kabisa. Na akiingia tu, akiwa bado mlangoni huko mbali, vinadondoshwa vipande, yeye hakaangalii machoni wala hanyooshi mkono. Mpangilio ni muhimu hapo, mtu atokee kwanza ndo chakula kifuate, ukianza na chakula kambwa kanakuja kuona maini ni dalili ya balaa. Ukiona hakali basi umesogea mapema mno, rudi nyuma. Ni kazi ya wiki na wiki, sio ya wikiendi.

Na kama kalikuwa kapole afu ghafla kamekuwa kakali, kapeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Sikio linauma, jino bovu, goti, mbwa mwenye maumivu hataki kuguswa na mafunzo hayatasaidia kitu.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki kicheko cha "kadogo haka katamfanya nini mtu". Mtoto wa miaka mitatu akija kumkumbatia bibi, uso wake uko usawa ule ule wa meno. Na kichaa cha mbwa hakiangalii saizi, nchi hii bado kipo na dalili zikishaanza mtu haponi. Kwa hiyo chanjo kila mwaka, hata kama hakatoki getini, na Septemba 28 ikifika, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ulizia ofisi ya mifugo kama wanachanja. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mchubuko, mbwa afungiwe aangaliwe siku 10, asiuliwe kwa hasira.

Mgeni akija na hujamaliza mafunzo, kafungie chumbani na mfupa wake. Sio kukaonea. Na wala usimwambie mgeni "usiogope hakaumi", maana wewe hakajawahi kukunguruma, utajuaje.