Melina si Malkia

Jumamosi iliyopita kwenye banda la gemu pale Kihesa, ubishi ulianza saa kumi jioni ukaisha saa tatu usiku, na muda wote huo hakuna aliyeweka mpira. Anayeyajua mabanda yetu ya Iringa ataelewa uzito wake. Pale watu wanalipia dakika, na dakika ni za mpira. Siku hiyo pedi zililala juu ya meza, watu wazima kwa wadogo wamejikunyata kwenye majaketi, wanabishana kuhusu binti mmoja wa ndani ya Elden Ring. Melina ni nani?

Kwa ambaye hajaicheza: Elden Ring ilitoka Februari 2022, imetengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Mapema kabisa katika safari anakujia binti aliyevaa joho, anakupa farasi, anakuomba umfikishe kwenye shina la Mti Mkuu wa dhahabu. Jicho lake la kushoto limefumbwa, na juu yake pana alama kama ya kucha. Anakwambia alizaliwa chini ya mti huo na kwamba mama yake ndiye aliyempa kazi ya kufanya. Sasa ameungua, hana mwili. Mama huyo ni nani, hasemi.

Nadharia inayopendwa kuliko zote inasema Melina ndiye yule malkia ambaye maandishi ya gemu yanamtaja kwa macho yake. Neno la Kiingereza lililotumika ni gloam, na tulipoteza nusu saa nzima kulitafutia Kiswahili. Mmoja alitaka machweo, mwingine magharibi. Mimi nasimama na utusitusi. Ukisema machweo, mtu anaona jua na rangi ya chungwa. Utusitusi ni zile dakika ambapo jiwe la Gangilonga limebaki umbo jeusi tu na bado hujawasha taa nyumbani. Basi nitamwita Malkia wa Macho ya Utusitusi.

Malkia huyu humwoni popote ndani ya gemu. Hana sura, hana sauti. Tunamjua kwa maelezo yaliyoandikwa kwenye upanga wake na kwenye vitu vya wafuasi wake, wale wanaovaa ngozi za miungu na kurusha moto mweusi. Tunaambiwa aliwaongoza mpaka Maliketh, mnyama mlinzi wa Marika, mungu anayetawala dunia ya gemu, alipomshinda na kuyafungia Mauti Yaliyoandikwa, nguvu ya kifo iliyoweza kuua hata miungu. Tangu hapo moto ule mweusi ukapoteza nguvu ya kuua miungu.

Hoja ya wanaosema Melina ndiye malkia ni nzito, na siwezi kuipuuza. Ukiupokea Moto wa Wazimu, moto wa kuiteketeza dunia nzima, ukaenda nao hadi mwisho, Melina anatokea tena. Safari hii jicho la kushoto liko wazi, rangi yake zambarau iliyofifia, na anaapa kukutafuta popote utakapokwenda akuletee Mauti Yaliyoandikwa. Jicho la utusitusi na mauti ya malkia, vyote kwa mtu mmoja. Kijana mmoja pale bandani alisimama kwenye kiti: "Kaka, unataka ushahidi gani tena?"

Nataka tuangalie mpangilio wa matukio. Ili ufike kwenye mwisho ule, lazima uwe umeshamuua Maliketh kule Farum Azula. Maliketh akianguka, mauti aliyoyafungia ndani ya mwili wake yanatoka na kurudi duniani. Melina anapotoa kiapo chake, Mauti Yaliyoandikwa yako huru tayari, na wewe mwenyewe ndiye uliyeyafungulia. Kwa hiyo kauli yake haihitaji awe malkia wa zamani. Inahitaji awe mtu mwenye sababu ya kukuua, na sababu hiyo umempa kwa mikono yako.

Kisha Juni 2024 ikaja nyongeza, Shadow of the Erdtree. Wengi tuliingia tukitarajia kukutana na malkia uso kwa uso. Tukakutana na Messmer, mtoto wa Marika, naye mwenye jicho ambalo mama yake alilitia muhuri ili kumzuia nyoka aliye ndani yake. Ukimshinda unapata kuni zake za kuchomea mti uliofunga njia, na maelezo ya kuni hizo yanasema kwamba, kama mdogo wake wa kike, Messmer alikuwa na maono ya moto. Jina la mdogo huyo halikuandikwa. Lakini gemu nzima ina binti mmoja tu anayejitoa kuwa kuni ili Mti Mkuu uungue, naye ni huyuhuyu aliyesema mama yake alimpa kazi chini ya mti. Kaka ni kuni, dada ni kuni. Kaka jicho limetiwa muhuri, dada jicho limefumbwa. Kwangu hapo Melina ameshapata ukoo.

Sisi wa Iringa tunajua kazi ya kumtambua mtu kwa vipande. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asishikwe na Wajerumani, kichwa chake kikachukuliwa kikapelekwa kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka kirudishwe, na bado kilirudi 1954. Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda Bremen kukitafuta, alikuta mafuvu 84 yaliyotoka katika himaya ya Wajerumani Afrika Mashariki. Alianza na yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha katika hayo akatafuta lenye tundu la risasi. Leo liko Kalenga, na nililiona nikiwa darasa la tano. Njia hiyo ya kuanzia kwa ndugu ndiyo ninayoitumia hapa. Ndugu wa Melina nimemwona. Ndugu wa malkia sijamwona.

Nadhani tumeharibiwa na siri moja iliyotufurahisha mno. Kule Leyndell, mji mkuu wa dunia ya gemu, ipo sanamu ya Radagon, mume wa Marika. Ukiwa na akili ya kiwango cha 37 na ukaisomea mbele yake ile sala ya kurudisha vitu katika asili yake, sanamu inageuka kuwa Marika, na maandishi yanakwambia waziwazi kwamba Radagon ndiye Marika. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilizima televisheni nikatoka nje kupunga upepo. Baada ya hapo kila mwenye joho tunamdhania ni mtu mwingine tuliyekwisha kumsikia. Lakini angalieni gemu ilivyofanya kwa Radagon: ilipotaka watu wawili wawe mmoja, ilisema. Kwa Melina na malkia imekaa miaka yote hii bila kusema.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya mantiki. Tukimfanya malkia kuwa Melina, tunamfuta malkia. Huyu ni mtu aliyeongoza watu wake dhidi ya miungu, akashindwa, na habari zake zikaandikwa na upande uliomshinda. Kilichobaki ni upanga na majivu ya moto wake. Mimi ni mtoto wa hapa, siwezi kusoma habari ya namna hiyo kama fumbo tu la kujaza nafasi. Anastahili sura yake mwenyewe, hata kama sitaiona.

Miyazaki amewahi kueleza kwamba utotoni alikuwa akisoma vitabu vilivyomzidi kimo, na pale alipokwama alijaza mwenyewe kwa kuwaza. Nilipowaambia hilo bandani walicheka kwa furaha, maana ndivyo tunavyosoma sisi: mmoja anashika pedi, mwingine ameshika simu yenye kamusi, wa tatu anabisha tafsiri.

Yule kijana wa kwenye kiti bado hajakubali. Ananiuliza kwa nini jicho lifumbwe miaka yote ikiwa halifichi kitu, na ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba Marika alilifunga kama alivyolifunga la Messmer, kwa woga wa kilichomo. Jumamosi hii tunaanza safari mpya kutoka mwanzo, yeye na pedi, mimi na daftari, na tumekubaliana hakuna kuruka hata maelezo ya kitu kimoja.