Shahidi asiyetaka kutajwa: Reddit na kampuni za filamu

Mwaka 2023 kampuni za filamu za Marekani ziliomba mahakama mara mbili iilazimishe Reddit, jukwaa la mijadala la mtandaoni, kufichua watu waliojificha nyuma ya majina ya bandia. Mwaka 2024 likaja ombi la tatu, likitaka anwani za IP tu, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa mtu kwenye intaneti. Hakimu Laurel Beeler wa California aliyakataa mawili ya kwanza, na mwenzake Thomas Hixson akalikataa la tatu.

Watu hao hawakuwa wameshtakiwa. Walikuwa wameandika, baadhi yao miaka mingi nyuma, jinsi watoa huduma za intaneti walivyokuwa hawahangaiki na wateja wanaopakua filamu kiharamia. Kampuni zilikuwa zikiwadai watoa huduma wenyewe, RCN, Grande na Frontier, na zilitaka kuonyesha kwamba ulegevu huo ndio uliowavuta wateja.

Dai lenyewe si la kubezwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998, DMCA, inamkinga mtoa huduma kwa sharti kwamba awe na utaratibu wa kuwakatia huduma wanaorudia kuikiuka. Anayefumbia macho malalamiko ili ada ya mwezi isikatike anakula jasho la mpiga picha, mwigizaji na fundi wa sauti.

Ila kumdai mtoa huduma ni jambo moja, na kumfichua mtu aliyetoa maoni ni jingine. Mahakama zilitumia kipimo cha kesi ya 2TheMart ya mwaka 2001: habari inayotafutwa iguse kiini cha madai, na isiweze kupatikana kwingine. Kwa Grande, kampuni za filamu zilikuwa tayari zimepewa majina ya wateja 118 waliohusishwa na anwani zilizoongoza kwa uharamia. Hao ndio wa kuulizwa kwanza, na hapo naona Beeler alikuwa sahihi kabisa.

Hoja ya ombi la tatu, kwamba anwani ya IP si jina, hainishawishi. Mtoa huduma ana kumbukumbu za nani alitumia anwani ipi, saa ngapi; ukishaipata, umebakiza hatua moja tu kumfikia mwenyewe.

Kinachonitatiza ni upande wa pili. Shahidi amelindwa vizuri, lakini anayetuhumiwa kupandisha filamu kwenye jukwaa ana kinga hafifu. Kifungu cha 512(h) cha sheria hiyohiyo kinamruhusu karani wa mahakama kutoa amri ya kumtambulisha bila jaji kupima ushahidi. Mwaka 2003, katika kesi ya Verizon, kampuni ya intaneti, mahakama ya rufaa ya Washington ilisema njia hiyo haimhusu mtoa huduma anayepitisha data tu, lakini majukwaa yanayohifadhi maudhui bado yamo. Mwenye filamu ana haki ya kumjua aliyemwibia. Hata hivyo tuhuma huweza kuwa ya makosa, na jina likishatoka halirudi. Kwa hiyo ningetaka jaji alisome dai kwanza, hata kama itachukua wiki kadhaa zaidi.