Ukurasa Sio Wako: Biashara Zetu na Mtandao Usio na Mwenyewe

Kuna fundi baiskeli hapa Ujerumani ninakoishi amenitia hasira za bure. Tovuti yake nzuri tu: saa za kazi, orodha ya huduma, picha ya meza yake ya ufundi. Chini kabisa ameandika njia za kumpata: simu ya mezani, barua pepe, na anwani moja ya ajabu yenye @ mbili, moja mwanzoni na nyingine katikati. WhatsApp hana. Instagram hana. Nikamwandikia barua pepe kuuliza kama ana tairi ya saizi yangu. Jibu lilikuja nikiwa nimeshazoea kutembea kwa miguu.

Nyumbani Tanzania muulize mtu kitu kama hicho saa tano usiku, uone. Hujamaliza kuandika, tayari anarekodi sauti. Halafu picha zinamiminika, halafu namba ya kutuma hela, halafu "karibu sana mteja wetu". Kwa hili sitaki kusikia mtu akisema tumeachwa nyuma. Ujerumani hii bado ina ofisi zinazotaka utume faksi. Tukishindanishwa kumjibu mteja, tunawaacha mbali sana.

Ila ile anwani ya @ mbili ilinikaa kichwani. Ni ya Mastodon. Kwa ambaye hajakutana nayo, ni mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter ya zamani, isipokuwa hauna kampuni moja inayoumiliki. Ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, nyingine za vyama, nyingine za vyuo, nyingine za mtu mmoja tu na kompyuta yake, na zote zinaelewana kwa utaratibu uitwao ActivityPub, ambao W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliupitisha Januari 2018. Nusu ya kwanza ya anwani ni jina lako, nusu ya pili ni seva unakokaa. Aliyeianzisha mwaka 2016, Eugen Rochko, alikuwa kijana wa chuo mjini Jena, hapa hapa Ujerumani. Serikali nayo haikuiona mchezo wa watoto: tangu 2020 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data inaendesha seva yake, social.bund.de, na wizara na idara kadhaa zina akaunti humo. Mwaka uliofuata, kamishna wa wakati huo, Ulrich Kelber, aliziandikia taasisi za serikali akizitaka zifunge kurasa zao za Facebook.

Hebu fikiria barua ya namna hiyo nyumbani. Nusu ya taarifa za serikali tungezisomea wapi?

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka kuizungumzia, na sina nyingine. Huku mwenye biashara akipoteza akaunti yake ya mtandao wa kijamii anasonya, anafungua nyingine, maisha yanaendelea. Tovuti yake ipo, wateja wana barua pepe yake. Kwetu ukurasa ndio biashara yenyewe. Jina la biashara ni jina la ukurasa. Orodha ya bidhaa ni picha za ukurasani. Daftari la wateja ni watu waliowahi kuandika "bei?" wakajibiwa "njoo inbox". Ukurasa ukienda, vyote vimekwenda na maji.

Naongea kwa sababu yametokea nyumbani kwetu. Shemeji yangu anauza nguo za watoto mtandaoni, na ukurasa wake ameukuza kwa miaka, posti kwa posti, usiku watoto wake wakishalala. Siku moja akapokea ujumbe uliojifanya umetoka kwa wenye mtandao, akabonyeza kiungo, na asubuhi nenosiri lake halifanyi kazi. Kufika mchana ukurasa ule ule, wenye picha yake akiwa ameshika gauni la mtoto, ulikuwa unawaambia wateja wake waweke hela kwenye bitikoini zitazaa mara tatu. Wawili watatu waliweka, kwa sababu walimwamini yeye. Alijaza fomu za kuomba msaada mpaka akachoka. Kila jibu lilitoka kwa mashine, likimrudisha kwenye fomu ile ile. Ukurasa haukurudi. Alipofungua mwingine, watu wakaanza kumuuliza yeye kama siye tapeli.

Sasa mtu anipe jibu: miaka yote ile, cha kwake kilikuwa kipi? Jina halikuwa lake, maana mwizi amebaki nalo. Wafuasi hawakuwa wake, maana hakuweza kuwafikia hata kuwaambia "huyo siyo mimi".

Najua mtakachosema. Huyu kapanda ndege juzi, leo anatufundisha biashara. Kakaa na Wajerumani, sasa WhatsApp ni ya washamba. Jamani! Mimi mwenyewe naishi kwenye WhatsApp. Magrupu ya familia peke yake yanamaliza chaji. Simwambii mtu aache kuuzia pale wateja walipo. Ningekuwa mwendawazimu kumwambia muuza nguo za watoto ahamie Mastodon akauze huko, kwa sababu nimekaa huko na nimeona kulivyo.

Kwanza, wateja wenu hawapo. Hilo tulimalize mapema. Waliopo wengi ni watu wa kompyuta, waandishi, wanasayansi, na Wajerumani wanaopenda kuelekezana. Ukiweka picha bila kuandika maelezo yake kwa ajili ya wasioona, atatokea mtu kukukumbusha, kwa adabu lakini atakukumbusha. (Nikiri ni tabia nzuri, na ningependa tuiige, ila mara ya kwanza inaudhi.) Pili, hakuna kubusti. Hakuna tangazo la kulipia hata ukiwa na hela, na posti zinapangwa kwa muda zilivyotoka, kwa hiyo ile ya asubuhi inazama kabla ya mchana. Seva nyingi hazitaki kabisa akaunti ya matangazo matupu. Msimamizi anakufungia na hana wa kumuomba ruhusa. Tatu, na hili wafanyabiashara wa inbox walisikilize vizuri: ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa siri kama wa WhatsApp. Msimamizi wa seva anaweza kuusoma akitaka. Na ukimtaja mtu wa tatu kwa @ ndani ya mazungumzo hayo, ujumbe ule unamfikia na yeye. Yaani unamwandikia mteja "nitamtuma @fulani akuletee, lakini ni mzembe kidogo", na fulani anasoma.

Halafu seva zenyewe hufa. mastodon.lol ilikuwa na maelfu ya watu, mwenyewe akachoshwa na ugomvi, akaifunga mwaka 2023. Nyingine, queer.af, ilipoteza jina lake mwaka 2024 kwa sababu .af ni ya Afghanistan na walioshika nchi kule ni Taliban. Kwa hiyo anayewaambia kuwa mtandao usio na mwenyewe hauna mtu wa kukufungia, mwambieni akasome tena.

Sasa mbona bado natetea? Kwa sababu ya kitu kimoja ambacho mitandao tuliyoizoea haitupi: kuhama na watu wako. Mnakumbuka mwaka 2017 Tanzania iliporuhusu kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba? Kabla ya hapo ulivumilia mtandao mbovu kwa sababu namba ndiyo wateja wanayoijua. Baada ya hapo namba ikawa yako, kampuni ikabaki kuwa ya kukuhudumia. Mastodon inafanya karibu hivyo: ukihamia seva nyingine, wafuasi wako wanahamishwa nawe, hata kama posti za zamani zinabaki kule ulikotoka. Waliokuwa mastodon.lol walipewa taarifa mapema na njia ya kutokea. Shemeji yangu hakupewa hata dakika.

Bluesky, mtandao mwingine unaofanana na Twitter, imekwenda mbele kidogo kwenye suala la jina. Ilianza mwaka 2019 kama mradi ndani ya Twitter, ikajitenga, ikafungua milango kwa kila mtu Februari 2024, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imepita watumiaji milioni 30. Ugatuzi wake, yaani kutokuwa chini ya kampuni moja, bado uko zaidi kwenye maandishi, maana karibu kila mtu yuko kwenye mitambo ya kampuni yenyewe. Lakini ukiwa na kikoa chako, yaani anwani ya tovuti uliyoinunua, tuseme jina la biashara linaloishia .co.tz, hicho hicho ndicho kinakuwa jina la akaunti yako. Tapeli anaweza kuiba picha zako, anaweza kuandika kama wewe, ila hawezi kuvaa jina hilo bila kukunyang'anya kikoa. Mastodon nayo ina namna yake: unaweka kiungo kwenye tovuti yako, na akaunti inaonyesha kwa kijani kwamba tovuti hiyo ni yako kweli. Hulipi mtu, husubiri mtu akukubali.

Linganisheni na tiki ya bluu ya Twitter, ile alama ya akaunti iliyothibitishwa. Novemba 2022, wiki chache baada ya Elon Musk kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44, tiki ikawa kitu cha kununua kwa dola 8. Mtu akafungua akaunti kwa jina la Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akalipia tiki yake, akatangaza kuwa insulini sasa ni bure. Kampuni yenyewe ikabidi itoke kuomba radhi kwa uongo ambao haikuusema. Kama Eli Lilly na mawakili wake wote walikamatwa namna hiyo, wewe na simu yako moja una kinga gani?

Kuna atakayesema: yote hayo ya nini, wakati siku serikali ikiamua kuzima inazima vyote? Ni kweli. X, ndiyo Twitter ya sasa, ilifungiwa nyumbani Mei 2025, na ukitaka VPN, programu ya kuupita ufungaji, tangu 2023 kuna utaratibu wake, mnaujua. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilipokatika, mtu wa Mastodon na mtu wa Instagram walikaa giza moja. Sitadanganya kwamba seva elfu zinamsaidia asiye na mtandao kabisa. Lakini kati ya kuzimwa kila kitu na kuzimwa kimoja kuna nafasi kubwa, na humo ndimo biashara nyingi zinapofia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilianguka pamoja kwa saa kama sita, dunia nzima, kwa sababu ya amri moja mbaya kwenye mitambo ya kampuni. Hakukuwa na serikali wala uchaguzi. Intaneti ilikuwepo, umeme ulikuwepo, wateja walikuwepo na hela zao. Aliyekuwa na tovuti aliuza. Sisi tulikaa tunawasha na kuzima simu tukidhani bando limeisha.

Kinachoniudhi zaidi si hata mitandao yenyewe. Ni wale jamaa zetu wa masoko ya kidijitali, wenye semina na suti, ambao kila mtandao mpya ukitoka wanakuwa wa kwanza kusema "wahi jina lako kabla hujawahiwa". Walisema hivyo Clubhouse. Walisema hivyo Threads, Julai 2023, watu wakakimbilia, wakaacha kurasa zimelala. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akimwambia mama wa nguo za watoto kitu cha kwanza kabisa: nunua kikoa. Jina ambalo unalilipia wewe kila mwaka, liko kwenye risiti yako, na mtandao wowote unaoingia unaingia nalo. Baada ya hapo, Bluesky, Mastodon, au utakaozaliwa mwakani, ni mambo ya kuongeza.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama biashara iingie huko ni: ingia, ila kwa jina lako mwenyewe, na usitarajie kuuza. Weka akaunti, weka saa zako za kazi na namba yako, pitia mara moja moja. Uza WhatsApp kama kawaida. Kila mteja anayelipa mwombe namba au barua pepe, uandike mahali ambapo hata simu ikiibiwa utapaona, na umwambie tovuti yako ni ipi. Wajerumani hawana akili kuliko sisi. Wao walianza na tovuti kabla mitandao haijaja, sisi tulianzia kwenye simu. Ni historia tu. Na kama yule fundi wa baiskeli angekuwa na nusu ya kasi ya shemeji yangu kwenye kujibu wateja, angekuwa na matawi matatu.

Shemeji mwenyewe nimemwambia haya yote, akanijibu: "Mdogo wangu, hayo ya Ulaya hayo, mimi nina oda za kupeleka." Sawa. Kikoa nimemnunulia mimi, na kinaelekeza moja kwa moja kwenye WhatsApp yake mpaka siku atakapopata muda wa kuweka kingine. Najua kuna watakaosema hapa chini kwamba angefungua tu ukurasa mpya na kuomba watu wamripoti yule tapeli. Alifungua. Waliripoti. Wa tapeli upo mpaka leo, na una wafuasi kuliko wake.