Sumu ya Simba Humkuta Tumbusi Kwanza

Wanaotaka mfugaji anayetia sumu kwenye mizoga kandokando ya Maasai Mara afungwe wana hoja nzito. Tumbusi wa Mara wamepungua kwa takribani 60% katika miaka kama 30. Chembechembe za kabofurani, dawa ya kuulia wadudu shambani, zikinyunyizwa kwenye mzoga mmoja huweza kuangusha makumi ya ndege kwa mchana mmoja.

Ila tuangalie saa. Simba huua ng'ombe usiku. Mfugaji hutia sumu asubuhi, akitaraji simba atarudi usiku kumalizia nyama. Katikati hapo kuna mchana mzima, na tumbusi hutafuta kwa macho: mmoja akishuka, wenzake walio mbali angani humwona na kumfuata. Jua linapotua, wamekufa ndege ambao mfugaji hana ugomvi nao hata kidogo, na huenda simba asirudi. Hasara haiishii pale mzogani. Tumbusi jike hutaga yai moja tu, jozi hulalia kwa zamu karibu miezi miwili, kisha hulisha kinda miezi minne hivi. Mzazi mmoja akifa, mwenzake hawezi kulinda kiota na kutafuta chakula kwa wakati mmoja, kwa hiyo kinda naye hufa.

Jela haimrudishii mtu ng'ombe. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inatambua fidia ya mifugo, lakini madai hupitia kamati ya kaunti na malipo huchelewa miaka, huku watoto wakikosa maziwa kuanzia kesho yake.

Pesa ingefaa ianzie kwenye boma. Boma la miiba simba hana haja ya kuliingia: ng'ombe wakinusa harufu yake hutaharuki, hulivunja wenyewe na kuuawa nje gizani. Huko Simanjiro, Tanzania, wafugaji hufunga seng'enge za wavu kwenye vigingi vibichi vya mti wa komifora, ambavyo huota mizizi na kuendelea kukua, tofauti na nguzo kavu zinazoliwa na mchwa. Sehemu dhaifu ni mlango. Ukiwa wa matawi, au ukiachwa na uwazi chini, fisi hupenya.

Seng'enge ni ghali, kweli, na hazimlindi ng'ombe aliyepotea malishoni jioni. Akiuawa huko na sumu ikatiwa, mzoga wote uchomwe siku hiyohiyo pamoja na tumbusi waliokufa, maana nyama yao nayo huua.