Senti za Michigan, shilingi mia ya Lushoto

Mwezi wa tatu ukifika, barabara za hapa Grand Rapids, Michigan, huanza kupasuka. Mchana theluji inayeyuka na maji yanaingia kwenye nyufa za lami. Usiku yanaganda na kuvimba, kesho yake yanayeyuka tena na kuacha uwazi chini. Likipita lori moja, lami inadidimia. Mimi ni dereva wa gari la kusambaza mikate, natoka nyumbani saa kumi alfajiri kabla hakujapambazuka na mashimo hayo hayajaonekana, na mwaka jana ringi mbili zilinipinda ndani ya wiki tatu. Nimeanza na haya kwa sababu ndugu zangu wakisikia Marekani wanadhani kila barabara ni kioo. Michigan ni jimbo linalofahamika kwa ubovu wa barabara, na Gretchen Whitmer alipogombea ugavana mwaka 2018 ahadi yake kubwa ilikuwa hiyo: kutengeneza barabara.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipigia kutoka kwetu, juu ya Soni, wilayani Lushoto. Matenga yake kumi na mawili ya nyanya yalikuwa yamelala njiani siku ya pili. Kutoka kijijini mpaka kwenye lami ya Mombo–Lushoto ni kilomita tisa za udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi bodaboda anabeba tenga kwa shilingi 2,000. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo anataka 5,000, na wengine hawataki hata kusikia. Fuso iliyokuwa inapanda kuchukua mzigo iliteleza ikaishia mtaroni. Mnunuzi aliyetoka Dar es Salaam akasubiri Soni mpaka saa nane, kisha akanunua kwa watu walio karibu na lami na kuondoka. Tenga la nyanya zilizoanza kulainika halina bei. Mdogo wangu hakulalamika sana, na hilo ndilo lililoniumiza. Ameshazoea.

Nipo huku tangu 2012, na katika miaka yote hiyo sijaona jambo lililojadiliwa sana katika siasa za jimbo hili kama fedha za barabara. Kura mbili hasa zimenikaa kichwani.

Ya kwanza ni ya Mei 2014, ya jiji hili tu. Kodi ya mapato ya jiji ilikuwa imepandishwa kwa muda, kutoka asilimia 1.3 hadi 1.5, na muda huo ulikuwa unakaribia kwisha. Wananchi wakaulizwa kama wanakubali nyongeza hiyo iendelee miaka 15 mingine, safari hii kwa ajili ya mitaa na njia za waenda kwa miguu. Wakakubali, kama theluthi mbili ya waliopiga kura. Mimi si raia, sikupiga kura, ila makato yapo kwenye mshahara wangu mpaka leo. Kwa mtu anayepata dola 40,000 kwa mwaka, nyongeza yenyewe ni dola 80.

Mei 2015, mwaka mmoja tu baadaye, jimbo zima likaulizwa swali linalofanana na hilo: kodi ya mauzo ipande kutoka asilimia 6 hadi 7, barabara zipate fedha? Asilimia 80 wakakataa. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kiwandani, alisema ndiyo mara ya kwanza na hapana mara ya pili. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia ile ya kwanza alionyeshwa mitaa itakayotengenezwa na ataacha kulipa mwaka gani. Ile ya pili ilifungwa pamoja na fedha za shule, nafuu za kodi na rundo la sheria nyingine, na yeye hakuweza kujua senti yake inaishia wapi. Jiji liliweka lengo la wazi, asilimia 70 ya mitaa iwe katika hali nzuri au ya kuridhisha, na likaunda kamati ya wananchi ya kufuatilia. Jimbo lilileta mzigo uliofungwa kamba.

Mzee yule hajui kama maneno yake nimeyabeba miaka kumi. Kila nikisikia mjadala wa Tanzania kuhusu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nayakumbuka.

Kwetu tunalipia barabara kwa njia ya mafuta, kama Michigan. Tuna Mfuko wa Barabara kwa mujibu wa sheria ya 1998, na fedha zake zinapaswa kwenda kwenye matengenezo kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na mafuta yakaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka huohuo ikaanzishwa TARURA kusimamia barabara za vijijini na mijini zilizokuwa chini ya halmashauri. Mwaka 2021 ikaja shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa waziwazi kwamba ni ya barabara za TARURA.

Nitasema jambo ambalo wengi hawatalipenda: ile shilingi mia niliiunga mkono na bado naiunga mkono. TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000 za kutunza, karibu zote udongo na changarawe, ilhali TANROADS yenye barabara kuu na za mikoa ina kilomita kama 37,000. Kwa miaka mingi mgawanyo wa fedha za Mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Najua lami ya barabara kuu ni ghali na magari mazito hupita huko. Lakini nyanya haioti kando ya barabara kuu. Wabunge waliosimama mwaka baada ya mwaka kuomba mgawanyo huo uangaliwe upya walikuwa wanasema kweli, wa chama chochote kile.

Sasa tumpigie hesabu bodaboda wa kijijini kwetu. Anatumia lita tatu kwa siku. Kwa tozo hiyo moja ya shilingi mia, anatoa 300 kila siku. Akifanya kazi siku 330, ni shilingi 99,000 kwa mwaka, mbali na tozo nyingine zilizomo kwenye bei ya lita. Kijijini kwetu zipo bodaboda zisizopungua thelathini. Hao peke yao wanatoa karibu milioni tatu kwa mwaka. Milioni tatu haichongi kilomita tisa, najua. Ila watu hao thelathini hawajawahi kuambiwa barabara yao imetengewa kiasi gani, mwaka huu au mwaka wowote.

Hapa ndipo panaponichoma. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa pale mbele ya watu. Nimekulia kwenye mikutano hiyo. Nimeona mtendaji akitoka jasho kwa sababu ya mifuko minne ya saruji ya choo cha shule. Barabara haisomwi. Iko kwa wakala aliye chini ya TAMISEMI, na diwani akiulizwa anajibu kwamba TARURA haiko chini ya baraza lake. Anasema ukweli, na madiwani wamelilalamikia hilo tangu siku za mwanzo. Lengo la kuzitoa barabara kwenye siasa za halmashauri nalielewa, fedha zilikuwa zinapotea. Lakini tulipozitoa huko, tuliziondoa pia mbele ya macho ya mtu anayelipa.

Msidhani huku wamelimaliza. Ushuru wa mafuta wa Michigan ulikaa kwenye senti 19 kwa galoni tangu 1997 mpaka mwisho wa 2016, miaka ishirini, huku bei ya lami ikipanda. Ulipofika senti 26.3 mwaka 2017 barabara zilikuwa zimeshaoza. Whitmer akaomba nyongeza ya senti 45 mwaka 2019, bunge likakataa, na 2020 akaingia kwenye mkopo wa dola bilioni 3.5. Fedha za mkopo zimetandika barabara kuu nzuri, nazipita kila siku, na deni litalipwa na watoto wangu. Kingine ambacho madereva wengi hawakukijua: ile kodi ya mauzo ya asilimia 6 waliyolipa pampuni, sehemu kubwa ilikwenda shuleni. Watu wanalipa, wanaona mashimo, wanahitimisha kwamba wameibiwa. Mwaka huu wa 2026 kodi hiyo imeondolewa kwenye mafuta, ushuru wa barabara umevuka senti 50, na bangi inayouzwa kwa bei ya jumla imewekewa kodi ya asilimia 24 kwa ajili ya barabara, jambo lililowapeleka wenye biashara hiyo mahakamani.

Kitu kimoja cha huku ningekichukua kesho hiihii, nacho hakihitaji fedha nyingi. Theluji inapoyeyuka, barabara za kaunti huwekewa kikomo cha uzito kwa wiki kadhaa, kwa sababu udongo wa chini umelowa na hauwezi kubeba. Wakulima na wenye malori wanajua, wanajipanga. Kwetu mizani ziko kwenye barabara kuu. Kwenye udongo wa milimani, Fuso inapanda masika na mzigo uleule wa kiangazi, na ikishapita mara tatu greda lililochonga mwezi wa kwanza ni kama halikuwahi kuja. Tukubaliane kijijini kwamba masika mzigo ushushwe kwa Canter au pikipiki hadi lami, na mtaro uzibuliwe kabla ya mvua, wala si baada. Maji ndiyo yanayoua barabara, huko na huku.

Fedha yenyewe, naomba isomwe. Meneja wa TARURA wa wilaya, au mtu wake, aje kwenye mkutano wa kijiji mara moja kwa mwaka na karatasi moja: barabara hii ina kilomita kadhaa, imetengewa kiasi kadhaa, mkandarasi ni fulani, kazi inaanza tarehe fulani. Kama mwaka huu haimo, aseme haimo, na aseme ni mwaka gani itaingia. Mzee jirani yangu alilipa miaka yote hii bila kinyongo kwa sababu ya karatasi kama hiyo.

Mdogo wangu ameniambia mkutano wa kijiji ni wiki ijayo, mvua ikiruhusu mtendaji kufika. Amekubali kusimama. Tumeliandika swali pamoja kwa simu, akalisoma mara mbili ili asitetereke mbele ya wazee: kilomita tisa za kwetu, mwaka huu zimetengewa shilingi ngapi?